Ulinganisho: vishikizo vya nyaya vya voltimita za usahihi zilizotumika. Vya asili, vya sokoni, au vya kukereza hapa Lubumbashi?

Mpimaji_Kamalondo
Salamu wakubwa. Nimenunua voltimita ya HP 34401A iliyotoka katika maabara ya mgodi mmoja. Inasoma vizuri, isipokuwa kishikizo chekundu cha mbele kimepasuka plastiki na kinazunguka chote kila ninapoingiza fishi, hata tarakimu za mwisho zinarukaruka nikigusa waya. Naweza kuagiza cha asili kutoka ng'ambo na kukisubiri kipite Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Naweza pia kununua soketi za milimita 4 katika soko la Kenya (mtaa wetu, siyo nchi), zile za shaba ya njano zilizopakwa nikeli. Au nimpelekee mkereza vyuma kipande cha shaba nyekundu, maana hicho hakikosekani katika mji huu. Mngechagua ipi?

Fundi_Katuba
Kaka, umesahau njia ambayo kwangu ndiyo ya kwanza: kununua mashine mbovu ya aina hiyohiyo na kuivuna. Voltimita iliyokufa ubao wa ndani kwa kawaida bado ina vishikizo, swichi na vitufe vizima, na vyote vinaingia mahali pake bila kutoboa wala kupiga tupa. Unapotafuta, usiandike HP peke yake. Kitengo hicho kiliitwa Agilent tangu 1999 na Keysight tangu 2014, kwa hiyo kifaa kilekile utakikuta chini ya majina matatu.

Kabla ya hayo yote, geuza mashine. Nyuma ina vishikizo vingine, na swichi iliyo mbele ndiyo inayochagua upande. Nimefungua mashine kadhaa ambazo vishikizo vyake vya nyuma vilikuwa bado vinang'aa. Soketi za sokoni ninaziweka kwenye chaja za betri tu.

Mwalimu_Bukavu
Namheshimu mzee wa Katuba, lakini hukumu yake ni kali mno kwa mtu ambaye hajasema anapima nini. Metali mbili tofauti zikiungana, na viungo vyake vikawa na joto lisilolingana, huzaa volteji yake yenyewe. Shaba nyekundu safi kwa shaba nyekundu safi haizidi mikrovolti 0.2 (mikrovolti ni sehemu ya milioni ya volti) kwa kila digrii. Shaba kwa dhahabu ni kama 0.3, shaba kwa waya wa kulehemu wa bati na risasi ni kati ya 1 na 3. Tuseme soketi yako ya sokoni inatoa 3, na kishikizo kimoja kimepata joto la vidole vyako kuliko mwenzake kwa digrii 3. Kosa ni mikrovolti 9. Katika ngazi ya kupimia ya volti 10, hatua ndogo kabisa ya mashine hiyo ni mikrovolti 10, kwa hiyo kosa hilo hata hutaliona. Katika ngazi ya milivolti 100, hatua ni mikrovolti 0.1, nawe utasoma hatua 90 ambazo hazikutoka kwenye kitu unachopima.

Kuhusu kukereza, shaba safi kwa shaba iliyoota oksidi hufika takriban mikrovolti 1000 kwa digrii. Kishikizo cha shaba nyekundu kilichoachwa kiwe cheusi ni kibaya kuliko soketi ya sokoni iliyo safi.

Mama_Umeme_Goma
Mwalimu amesema ya metali, mimi nasema ya plastiki, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia. Mashine hiyo inakubali hadi volti 1000 za mkondo mnyoofu, na soketi ya sokoni haina maandishi yoyote yanayokuambia plastiki yake inavumilia ngapi. Tena, ukiiweka kwenye ukinzani wa kuingilia unaozidi gigaomu 10 (omu bilioni 10), mafuta ya vidole au mabaki ya dawa ya kulehemu kati ya vishikizo viwili yanatosha kuvujisha mkondo na kuharibu kipimo. Safisha kwa alkoholi ya isopropili, uache ikauke kabisa. Na kama mashine ilitoka Marekani, hakikisha kwanza kichaguzi cha umeme kimetolewa 120 na kuwekwa 220, pamoja na fyuzi inayolingana.

Mpimaji_Kamalondo
Asanteni. Mwalimu, ninapima shanti (kipande cha ukinzani mdogo sana kinachopimiwa mkondo), yaani milivolti chache, kwa hiyo hesabu yako imenifungia mlango wa sokoni. Kwa mkereza nilikwenda hata hivyo: shaba safi ni laini, iling'ang'ania kisu na uzi wa skrubu ukachanika mara mbili. Aliniambia kwamba shaba yenye teluri kidogo ndiyo inayokerezeka, na hiyo hana. Mji wa shaba, nami natafuta shaba!

Nimevuna kishikizo kutoka mashine mbovu. Nilifunga pamoja vishikizo vya chanya na hasi kwa waya mtupu wa shaba niliousugua, nikafunika kwa kopo la plastiki ili upepo usiingie, nikasubiri dakika kumi. Tarakimu zimetulia.

Mwalimu_Bukavu
Vizuri. Kwenye shanti, soma mara moja, geuza nyaya kwenye shanti yenyewe, soma tena. Toa somo la pili kutoka la kwanza, gawa kwa mbili, na volteji ya viungo itajifuta.

Fundi_Katuba
Na ile mashine mbovu usiitupe, kaka. Kama swichi yake ya mbele na nyuma ni nzima, mimi naihitaji.