Fundi wa vioo kaniwekea dirisha la sebule kwenye studio, sasa hashiki simu

Wanajamvi, salamu zenu. Hili donge ninalo kooni wiki ya tatu, leo nalitema. Jina la fundi silitaji, wala msinifuate inboksi kuniuliza. Nasema ili mwingine hapa Mombasa anayejenga studio asitumbukie nilipotumbukia mimi.

Studio iko Kisauni, vyumba viwili vya nyuma katika nyumba ya kupanga: kimoja cha kurekodia, kimoja cha mitambo. Katikati nikajenga kuta mbili za matofali zisizogusana, zimeachana sentimita 20. Nilisimamia mwenyewe, jua la Januari likinikaanga. Tundu la dirisha nikaliziba kwa muda na magunia ya mchanga, kijana akapiga ngoma upande wa pili. Niliyoyasikia ni mapigo ya moyo wangu. Nikajua kuta zimefaulu, kimebaki kioo.

Ndipo akaja bwana mkubwa na futi yake. Nikamweleza nataka vioo viwili, kila kimoja na fremu yake kwenye ukuta wake. Akacheka. "Mzee wangu, kioo ni kioo. Mie nimeweka mahoteli mangapi pwani hii?" Mahoteli! Mgeni wa hoteli mawimbi anataka ayasikie, mimi sitaki kusikia kitu.

Akaleta dirisha lililotengenezwa tayari: vioo viwili vya milimita 6, na hewa ya milimita 12 katikati. Kwa sebule yenye kiyoyozi, safi kabisa. Halafu, na hapa ndipo damu inaponichemka, akalizungushia boksi moja la alumini lililokamata ukuta wa huku na wa kule, skurubu pande zote. Kuta nilizohangaika kuzitenga, yeye kaziunganisha kwa mchana mmoja. Ngoma ikipigwa kule, alumini inaivusha huku kama feri ya Likoni.

Na hata bila hiyo alumini, dirisha lenyewe halifai. Vioo viwili vyenye hewa katikati ni kama vyuma viwili vilivyounganishwa na springi: iko sauti moja vinacheza nayo pamoja, na hiyo inapita kama hakuna kitu. Kuijua si uchawi. Kioo cha unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita mraba, kwa hiyo cha milimita 6 ni kilo 15. Jumlisha uzito wa vioo viwili, gawanya kwa uzito wa kimoja mara wa chenziwe mara nafasi kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 60. Dirisha la bwana mkubwa linatoka hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, pale pale sauti ya mwanamume inapokaa. Tena vioo vyote ni unene mmoja, kwa hiyo udhaifu wao kwenye sauti za juu, karibu hezi 2000, unaangukia mahali pamoja. Ndiyo maana maneno ya mwimbaji nilikuwa nayasikia moja moja kupitia kioo.

Nikamwita tena. Mpaka hapo nilikuwa bado na adabu. Akasema dawa ni kioo cha tatu. Akakiweka sentimita 4 kutoka vile viwili, tena akakilaza kidogo, akanihakikishia kwamba kulaza ndiko kunakozuia sauti. Uongo. Kioo hulazwa ili taa zisikupige machoni na mwangwi usikurudie usoni, na ukikilaza unakula nafasi ya hewa upande mmoja. Sauti nyembamba zilipungua, nakubali. Lakini kwa hesabu ile ile, kioo cha tatu kimeniletea mlango mpya karibu na hezi 95. Uzi mwembamba wa gitaa la besi ni hezi 98. Ukiguswa tu, kioo kinaitikia.

Mtasema kelele kidogo zina ubaya gani, si vyumba vyote ni vyangu? Likaja kundi la taarab kurekodi nyimbo za harusi. Nimekaa kwenye mitambo, spika ziko mbele yangu, nasikia tabla na besi zimejaa, nzito, tamu. Nikaiacha maiki ilipo. Kumbe uzito ule hautoki kwenye spika, unatoka dirishani! Kilichorekodiwa kilikuwa kikavu kama kaukau. Kiongozi wao, mama wa watu, kasikiliza kwenye gari lake akanipigia. Hakugomba, aliniuliza tu: "Mwanangu, ngoma iko wapi?" Wallahi afadhali angenitukana. Nimewarekodia upya bure siku mbili, dirisha nimeliziba na magodoro, tunaongea kwa ishara na simu.

Na ukungu je? Kioo cha tatu kakifunga siku ya mvua ya masika, hewa yote yenye maji kaifungia ndani. Kiyoyozi kikiwaka, kioo kinatoka jasho kwa ndani, mahali ambapo huwezi kufuta. Vile vijifuko vya silika vinavyokuja na viatu vipya ndivyo vya kutia humo, hakutia hata kimoja. Alichoacha ni alama ya dole gumba lake, na mbu mmoja marehemu.

Simu ya mwisho aliniambia niongeze sponji ukutani. Sponji hupunguza mwangwi ndani ya chumba, haizuii sauti kutoka. (Na wale wa trei za mayai, msianze.) Tangu hapo kanibloku, na shilingi 85,000 zangu anazo.

Jumatatu nabomoa. Kioo cha milimita 10 ukuta mmoja, cha 12 ukuta wa pili, vyote vya laminati, ile yenye utando wa plastiki ndani. Fremu mbili za mbao zisizojuana, vioo vikae juu ya raba, sentimita 20 zote zibaki hewa, na kingo za ndani pamba ya kioo chini ya kitambaa cheusi. Kwa hesabu ile ile inatoka hezi 36, chini ya uzi mnene kabisa wa besi ambao ni 41.

Anayemjua fundi atakayekubali ngoma ipigwe kwanza, alipwe baadaye, aniandikie. Na kile kioo cha tatu nakiuza, kinafaa kabati la viazi karai. Dole gumba na mbu nitamfutia mnunuzi.