Mwezi wa kwanza Mwanza: nani alikutoa ugeni? Tupeane uzoefu

Mama Salha (mwanzisha mada)

Wadau, poleni na majukumu. Leo natimiza siku ya 31 tangu nishuke Nyegezi alfajiri na binti yangu wa miaka sita, mabegi matatu na mtungi mdogo wa gesi. Nimetoka Tanga, kazi ndiyo iliyonileta. Hapa sina shangazi, sina binamu, sina hata mtu niliyesoma naye darasa moja.

Kabla ya kuja niliuliza sana. Habari za kodi, shule na nauli nilizipata hadi nikachoka. Jinsi mji unavyompokea mtu, hakuna aliyenigusia. Kwa hiyo naomba kila aliyehamia Mwanza, awe wa juzi au wa miaka ishirini iliyopita, asimulie: ni siku gani, au ni mtu gani, aliyekufanya ulale ukijua uko kwako?

Naanza mimi.

Nimepanga Igogo, mlimani, chumba na sebule. Dalali alinileta jioni jua likizama. Upepo unapuliza, ziwa lote liko chini yako, meli zimetulia bandarini. Nikalipa miezi sita pamoja na mwezi mmoja wa dalali. Hakusema, nami sikuuliza, kwamba bomba la huko juu hutoa maji usiku wa manane, tena si kila usiku. Nyumba zetu zimejengwa katikati ya majabali. Jiwe la jirani ndilo ukuta wa jiko langu. Gari haifiki. Gunia la mkaa, kitanda, maji, vyote vinapanda kwa miguu kwenye ngazi ambazo wenyeji wenyewe wamezipanga kwa mawe na saruji.

Wiki ya kwanza nilinunua maji kwa vijana wanaopandisha madumu. Lita ishirini nilikuwa nazigawa kwa kikombe: haya ya kumwogesha mtoto, haya ya kupikia, yaliyofulia ndiyo yatakayopiga deki. Usiku nasikia milango inafunguliwa, watu wanatembea, ndoo zinagongana. Sikujua ni nini. Nikafunga komeo zote mbili na kumsogeza mtoto upande wa ukutani.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa bibi mmoja Msukuma. Salha ndiye aliyeanza kumwamkia, shikamoo bibi, kila tukipita. Siku moja bibi akamshika mkono akamwambia, "Asubuhi huku tunasema mwangaluka. Jioni, mwadila." Mtoto akakariri kutwa nzima. Kesho yake akamwendea, akapiga goti kama alivyowaona wasichana wa pale, akasema, "Mwangaluka, mayu," yaani mama. Bibi akaita majirani waje wasikie.

Usiku wa siku ya kumi na moja, saa nane na kitu, dirisha likagongwa kwa fimbo. Moyo ukanipasuka. Kumbe ni bibi: "Mama Salha, amka, maji!"

Nikatoka na kanga na ndoo mbili. Bomba lilikuwa linakohoa. Kwanza hewa, halafu maji mekundu ya kutu, halafu safi. Tulikuwa wanawake saba na tochi za simu. Mimi sikuwa na foleni, nimekuja wa mwisho, lakini dada mmoja akazisukuma ndoo zangu mbele bila kusema neno kwa sababu mtoto alikuwa ndani peke yake. Mwingine akauliza kama nina pipa. Sina. Akaniazima lake hadi nitakaponunua langu.

Nikisubiri nikatazama ziwani. Taa zimetapakaa juu ya maji, nyingi mno, nikauliza ule ni mji gani ng'ambo. Wakaniambia ni wavuvi wa dagaa. Taa ndizo zinazowavuta dagaa juu, na mbalamwezi ikiwa kubwa hawaendi, unaona giza tupu. Nililala saa kumi na nusu, nguo zimelowa hadi magotini. Tangu usiku ule nafunga komeo moja.

Haya, karibuni.

Fundi Cherehani, Igoma

Dada hongera, na mpe bibi salamu zetu.

Mimi mtu wa Songea, nilikuja 2014 na cherehani kwenye buti la basi. Kwanza niwasaidie wageni: Mwanza usihangaike kuisoma kwa majina ya mitaa. Shika barabara tatu zinazotoka mjini. Ya Kenyatta inakwenda Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi hadi Buhongwa. Ya Nyerere inapita Mabatini, Buzuruga, Igoma na kuendelea Kisesa. Ya Makongoro inakwenda Kirumba, Pasiansi hadi uwanja wa ndege. Ukijua unakokwenda kuko kwenye ipi kati ya hizo, hupotei. Mimi wiki ya kwanza nilipanda daladala ya Buhongwa nikitaka Igoma, nikashtuka niko Butimba na giza linaingia.

Kilichonitoa ugeni ni suruali. Nilikaa barazani siku tisa bila mteja, nakula mhogo mchana na jioni. Siku ya kumi akaja mzee amenunua suruali ya mtumba soko la Mlango Mmoja, anataka ipunguzwe kiuno. Nikaifumua yote, nikaishona upya kwa ndani kama ya kiwandani, nikamwambia asilipe, ajaribu kwanza. Jumapili akaivaa kanisani. Jumatatu waliniletea suruali nne, na kila mmoja alianza na "nimeelekezwa na mzee". Mpaka leo watoto wake nawashonea sare za shule, na mwaka mpya hawachukui kwa fundi mwingine.

Mwana wa Wete

Assalamu alaykum. Mie ni wa Pemba, nimekuja kusoma Malimbe. Nilijua nakwenda kwenye maji, nikajisemea nitakuwa kama nyumbani.

Jumamosi ya kwanza nikateremka Luchelele, nikakaa juu ya jiwe kungoja maji yapwe nitembee mchangani. Nimekaa saa nne. Maji yako palepale. Hapana harufu ya chumvi, hapana mwani, hapana mikoko. Nikachota nikaonja, baridi na matamu kama ya kisima, na hapo ndipo nilipolia, kwani ndipo nilipojua niko mbali.

Palikuwa na mzee anatengeneza nyavu. Nikamwamkia, nikamuuliza maji yanapwa saa ngapi. Akaiweka kazi chini, akanijibu kwa utaratibu: "Haya hayana saa, mwanangu. Haya yanapanda kwa mwaka." Akanionyesha kwenye jabali alama ilipofika mwaka 2020, mvua zilipokuwa nyingi na ziwa likaingia kwenye majengo ya ufukweni.

Nikatazama mkononi mwake. Sindano ile ni ile ile ya kwetu, ya mbao, ina ulimi katikati, uzi umezungushwa vile vile. Babangu alinifundisha nina miaka minane. Nikamwomba. Akanitazama, akanipa. Nikaziba tundu moja, la pili, la tatu. Akaja akalivuta fundo kwa meno kulijaribu, akasema, "Hili halifumuki." Tangu siku hiyo kila Jumamosi nateremka. Samaki ananipa, lakini samaki si kitu kwangu. Nateremka kwa ajili ya sindano.

Nesi wa Zamu

Mwana wa Wete, mdogo wangu, umenigusa. Ila naomba nikuulize kama dada: unaingia majini? Nyie watu wa pwani mnakuja mnaoga ziwani mlivyozoea baharini. Bahari haina kichocho, ziwa lina. Kwenye maji yaliyotulia karibu na majani kuna konokono, na vijidudu vinavyotoka kwao vinapenya kwenye ngozi nzima bila jeraha. Hutasikia kitu siku hiyo. Baada ya wiki au miezi tumbo linasokota, choo kina damu, mtu anakunywa dawa za amiba mwaka mzima. Kama umeshaingia, nenda kituo cha afya ukapime. Tiba ipo, ni vidonge vinavyopimwa kwa uzito au urefu wako. Tafadhali usipuuze.

Na usiku ukiona kama moshi unatembea juu ya ziwa ukija nchi kavu, ni wadudu wadogo wadogo, hawaumi. Zima taa, funika chakula, asubuhi unafagia.

Yangu ni fupi. Nilihamishiwa hapa mume akabaki Sengerema. Miaka ile ilikuwa Kigongo kungoja kivuko, ukichelewa unaona kinaondoka na mwanga wa mwisho. Mwezi wa kwanza niliwaona wanangu mara moja. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita tatu, nilivuka nimeshika mkono wa mwanangu wa mwisho na hatukuongea hadi ng'ambo. Sasa kila nikitoka zamu ya Ijumaa nalala kwangu.

Nyasaka Mpya

Nimesoma yote. Nafurahi kwa ajili yenu, lakini niseme ukweli wangu. Niko wiki ya tatu. Dalali wa kwanza alichukua shilingi 150,000 kwa nyumba iliyokuwa imeshapangishwa, simu yake haipatikani. Nikapata hii ya sasa, nzuri, ina maji, ina geti. Na hilo geti ndilo tatizo. Majirani wanatoka na gari asubuhi, wanarudi usiku, geti linafungwa. Sijui jina la hata mmoja. Juzi nilipata homa, nikalala siku mbili, nikawa nasikia watu wanacheka upande wa pili wa ukuta. Mimi sina bibi wa kunigongea dirisha. Mtu wa aina yangu anaanzia wapi?

Fundi Cherehani, Igoma

Pole sana dada yangu. Hela ya dalali kaandikishe kwa mwenyekiti wa mtaa hata kama haitarudi, angalau akufahamu wewe ni nani na unakaa nyumba gani. Halafu chagua genge moja. Moja tu. Nyanya zako, kitunguu chako, vocha yako, kila siku hapohapo, hata kama la pili ni nafuu shilingi mia. Mama wa genge ndiye anayejua nani anaumwa na nani hajaonekana.

Mama Salha

Nyasaka Mpya, mdogo wangu, nimekuandikia pembeni namba yangu. Siku mbili za homa peke yako, hapana, hiyo isijirudie.

Jumamosi bibi ananipeleka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kununua dagaa wa mwezi mzima. Amesema hanunui mtu asiyejua kuchagua. Jana alinifundishia nyumbani: unachukua kiganja, unasugua, unapuliza, mchanga ukibaki mkononi, hao wameanikwa chini, waache. Wa kichanja wanang'aa kama fedha na mkia haujakatika. Yeye ananunua sado tatu, mimi moja.

Kwako na Kirumba si mbali. Tuonane saa moja asubuhi pale wanaposhusha magunia. Utamtambua bibi kwa fimbo, na Salha atakuwa amemshika mkono. Umwamkie mwangaluka. Njoo na mfuko wenye mfuniko, dagaa wananukia njia nzima.