Waliomaliza dozi ya TB, mliwezaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, nipo mwezi wa tatu wa dozi. Ile awamu ya dawa nne imeisha, sasa nimebaki na mbili, rifampisini na isoniazidi, mpaka mwezi wa sita. Kikohozi kimekata, jasho la usiku hakuna, nguo zimeanza kunibana tena. Na hapo ndipo kazi ilipo. Mwanzoni ugonjwa wenyewe ulikuwa unanikumbusha kumeza; sasa mwili umenyamaza. Maelekezo ya kliniki ninayo, nataka ya nyumbani.

*Mlinzi wa Zamu*
Mimi nafanya kazi usiku. Niliambiwa nimeze asubuhi kabla ya kula, lakini asubuhi ndiyo nalala. Nilimweleza nesi, tukakubaliana nimeze nikiamka, muda uleule kila siku, tumbo likiwa tupu. Kilichonisaidia zaidi ni kiatu. Nikivua viatu vya kazi, naweka vidonge vya kesho, vikiwa kwenye pakiti yake, ndani ya kiatu cha kulia. Mguu hauwezi kuingia bila kuvigusa. Simu nilikuwa naizima kengele nikiwa usingizini, ila kiatu hakizimiki. (Wenye watoto wadogo msiige hili, wekeni juu.)

*Mke wa Mgonjwa*
Nilikuwa msimamizi wa dawa wa mume wangu, tukagombana karibu kila siku. Tatizo lilikuwa lile swali, "Umemeza?" Mtu mzima akiulizwa hivyo mbele ya wanawe anajiona mtoto. Tukaweka kadi ukutani: akimeza mbele yangu anachora alama mwenyewe, mimi nakaa kimya. Siku moja akaniambia kwa utani nisihangaike na kadi, nikaulize choo. Kweli, rifampisini inageuza mkojo rangi ya chungwa, hata machozi. Haina madhara, ila mtu asiyejua anaweza kuacha dawa kwa woga.

*Pitapita*
Mimi niliacha mwezi wa nne wa dozi, na mpaka leo nipo fiti. Msitishane.

*Mlinzi wa Zamu*
Ndugu yangu, kujisikia fiti si kipimo. Vijidudu vinavyobaki mwishoni ndivyo vilivyolala, na dawa inavifikia polepole. Ndiyo maana ya miezi yote hiyo. Ukikatisha unaweza kurudi na TB sugu, dawa nyingine na shida nyingine. Rudi kliniki wakupime makohozi, tusibishane hapa.

*Miguu ya Moto*
Naona wengi wanaoitwa wazembe wanaacha kwa sababu ya maudhi ya dawa, na hawasemi. Mimi nilikuwa nahisi ganzi na moto nyayoni, usiku natoa miguu nje ya shuka. Nikasema, nikapewa vitamini B6 na dawa zikaendelea. Kumbe ni isoniazidi, na tiba yake ipo. Ila macho yakiwa manjano, ukitapika mfululizo au ukianza kuona ukungu, usivumilie wala usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.

*Dada Mkubwa*
Kina dada, rifampisini inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Ulizeni njia nyingine mapema.

*Mleta mada*
Asanteni. Kiatu naanza nacho kesho. Je, siku ikipita bila kumeza, kesho yake namezaje? Na nikisafiri?

*Mke wa Mgonjwa*
Ukikumbuka siku ileile, meza. Ikiwa ni kesho yake, meza dozi ya siku hiyo tu, usirundike mbili, halafu waambie kliniki; wao ndio wanaojua kama wataifidia mwishoni. Safari aga mapema upewe dawa za kutosha, na ikiwa ndefu omba barua ya kuhamia kituo cha huko uendako. Mume wangu alipatwa na msiba wa ghafla, akapita kliniki kwanza begi likiwa begani.