Jicho la kushoto linacheza wiki ya tatu sasa, nifanyeje?

Hesabu_Usiku:
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni msaada kwa wenye uelewa.

Kope la chini la jicho la kushoto linacheza. Haliumi, haliwashi, na naona vizuri tu. Linatetema sekunde chache, linatulia, nikishasahau linaanza upya. Jana nilisimama mbele ya kioo nikalivizia. Nikaona ngozi chini ya jicho inapapatika kama kuna mdudu anapita kwa ndani. Nikamwita mke wangu aangalie. Akaangalia weee, akasema haoni kitu, labda nimechoka.

Kosa langu ni kwamba nikaingia mtandaoni kusoma, na huko nimeshapewa kiharusi.

Umri wangu ni miaka 34, sina presha wala kisukari. Mwezi huu tunafunga hesabu za mwaka, kwa hiyo ni kompyuta kutwa nzima, kulala saa saba usiku, kuamka saa kumi na moja. Kahawa ni vikombe vitano, siku mbaya saba. Mwenzangu kazini amenipa matone ya macho yaliyobaki kwake, mwingine ananiambia ninunue vidonge vya madini ya magnesi. Nianze na kipi?

BintiSaidi:
Pole kaka. Soma tena aya yako ya mwisho taratibu. Jibu umeshajiandikia.

Mpima_Macho:
Hayo matone usiyaguse kabisa, mkuu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloweza kukudhuru kuliko kope lenyewe. Kuna matone yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na mtu akiyatumia bila usimamizi yanaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya na hata kuleta mtoto wa jicho. Wewe hujui mwenzio aliandikiwa nini na kwa ugonjwa gani. Halafu chupa ikishafunguliwa na kugusa jicho la mtu, imebeba vijidudu vyake.

Sasa turudi kwenye kope. Sijakupima, kwa hiyo chukua haya kama maelezo tu. Kinachocheza siyo jicho, ni msuli mwembamba unaolizunguka, ule unaolifumba. Nyuzi zake chache zinajikunja zenyewe bila amri yako. Ndiyo maana wewe unahisi tetemeko na mkeo haoni kitu. Likiwa kope moja, mara nyingi la chini, linakuja na kuondoka, kwa kawaida halina madhara na huisha lenyewe ndani ya siku au wiki kadhaa. Wachokozi wake wakubwa ni usingizi mchache, msongo, kafeini, na jicho kukauka. Wewe unao wote wanne.

Kiharusi hakianzi hivyo. Huja ghafla: uso unashuka upande mmoja, mkono unakosa nguvu, maneno yanavurugika. Hapo mtu haandiki uzi, anakimbizwa hospitali.

Kahawa usiikate kwa siku moja, kichwa kitakuuma ulaumu jicho. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili tatu, ukianza na cha jioni. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni nusu yake bado unayo saa tatu usiku.

Kijiti:
Mnaisingizia kahawa bure. Mimi siinywi kabisa na langu lilicheza karibu mwezi. Nilipopimwa nikaambiwa macho makavu. Kumbe nikiwa kwenye kompyuta nakodoa tu, sipepesi. Nikapewa machozi bandia, yaani matone ya kulainisha jicho tu, na kitambaa safi cha maji ya moto ya kuvumilika juu ya macho yaliyofumbwa, dakika tano hadi kumi kila jioni. Na kila dakika 20 natazama kitu cha mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Wenzangu ofisini walidhani namkodolea macho mhasibu.

Mama_Wawili:
Msimfanye ajisahau kabisa jamani. Shangazi yangu alianza hivihivi na kope. Baada ya miezi ikashuka shavuni, kisha pembe ya mdomo ikawa inavutwa, upande uleule. Alipopigwa picha ya MRI ikaonekana mshipa wa damu unagandamiza mshipa wa fahamu wa uso. Sasa anachomwa sindano ya botoksi ya kulegeza msuli kila baada ya miezi mitatu hivi na anaishi vizuri. Ila alichelewa kwa sababu kila mtu alimwambia ni uchovu.

Mpima_Macho:
Dada, umesema jambo la maana. Mkuu, nenda ukaonwe ikiwa linacheza pia shavu au mdomo, kope linafumba lenyewe hadi unashindwa kulifumbua, yameanza macho yote mawili, kope linalegea, au jicho ni jekundu, limevimba, linatoa uchafu. Hata bila hayo, ikifika wiki ya sita bado lipo, nenda tu. Na kama kuna dawa yoyote unayotumia, itaje, zipo zinazosababisha.

Magnesi: ushahidi kwamba inatuliza kope ni hafifu. Kama hujapimwa ukaonekana unayo pungufu, hiyo hela tunza. Mwenye shida ya figo ndiyo asijaribu kabisa bila daktari.

Hesabu_Usiku:
Mrejesho wakuu. Siku ya tisa leo. Matone nimeyatupa, mwenyewe kanuna kidogo. Kahawa ni vikombe viwili, cha mwisho kabla ya saa sita mchana. Siku tatu za mwanzo nilikuwa mkali kama pilipili, mke wangu ni shahidi. Nalala saa nne na nusu. Kope lilicheza mara tatu juzi, jana mara moja, tena nikiwa kitandani nasoma uzi huu kwenye simu. Shavu na mdomo havijaguswa.

Swali la mwisho: machozi bandia natumia mara ngapi?

Mpima_Macho:
Fuata maelezo ya kwenye boksi. Ukiona unayahitaji zaidi ya mara nne kwa siku, ulizia yale yasiyo na kihifadhi, ile kemikali ya kuzuia vijidudu kwenye chupa, kwa sababu kihifadhi kikizidi nacho hulichokoza jicho. Na usinunue yale ya kuondoa wekundu, hayo ni kitu kingine. Ukiyazoea, siku ukiacha jicho linakuwa jekundu zaidi ya mwanzo.