Miezi ya mwanzo na Mazda MX-5 iliyotumika: kutoka Milton Keynes hadi Unguja

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Tangu gari langu lilipotoka bandarini Malindi mwanzoni mwa Oktoba, jamaa kadhaa walioko Uingereza wamekuwa wakiniuliza swali moja, kila mtu kwa maneno yake: je, gari dogo la spoti, tena lililokwisha kutumika, linafaa kuja nalo nyumbani? Nimekuwa nikijibu vipande vipande kwa simu, baina ya shughuli na shughuli, na leo nimeona nikae niandike kwa ukamilifu, kwa sababu jibu langu linaanzia chini ya gari, mahali ambapo wengi wetu hatupatazami tunaponunua, na mimi mwenyewe sikupatazama.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya mwaka 2003, ya kizazi cha pili, kile kilichotoka baina ya 1998 na 2005. Injini yake ni ya lita 1.6, yenye nguvu ya farasi 110, gia tano za mkono, viti viwili, na paa la turubai ambalo unalikunja kwa mkono wako ukiwa umekaa. Nililinunua mwezi wa Juni mwaka jana, nikiwa nimebakiza wiki chache tu za kazi ya uuguzi niliyoifanya kule kwa miaka 14, na nililichagua kwa mapenzi, si kwa hesabu. Lilikuwa limetembea maili 71,000, ambazo ni kilomita 114,000 na ushei. Agosti likaingia ndani ya kontena pamoja na vyombo vya nyumba.

Nianze na raha yake, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niyavumilie mengine. Gari hili lina uzito wa kama tani moja tu, na linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo usukani hauna kazi nyingine isipokuwa kuelekeza, na unahisi barabara kwenye vidole. Kuhama kutoka gia ya pili kwenda ya tatu ni mwendo mfupi kama wa kugeuza ufunguo wa kasha. Siku ya Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, huwa nalitoa Mazizini, nikapita Tunguu na Jozani hadi Paje, kama kilomita 50 hivi, paa likiwa wazi na mtandio nimeubana vizuri kwa pini mbili. Pale msituni baridi inashuka ghafla mabegani, na ukikaribia pwani unapokewa na harufu ya mwani ulioanikwa kabla hujaiona bahari. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari hili linakupa furaha ambayo magari makubwa huitafuta katika mwendo wa hatari, na hili kwa kisiwa chetu, chenye watoto wa skuli, baiskeli na ng'ombe barabarani, naliona ni jambo la maana sana.

Ila muda wa kufungua paa umegeuka. Kule tulilifungua jua linapotoka. Hapa, katika kaskazi hii, ukilifungua saa sita mchana utaungua kichwa, na dashibodi nayo itapasuka mapema. Alfajiri, baada ya alasiri, na usiku wa mbalamwezi: hizo ndizo saa zake.

Sasa nije kwenye kutu. Uingereza, wakati wa baridi, barabara humwagiwa chumvi ya mawe ili barafu isishike, na chumvi nyingi ya kazi hiyo huchimbwa chini ya ardhi huko Winsford, katika Cheshire. Gari la miaka 20 limeshaikanyaga chumvi hiyo kwa majira 20, na ikishaingia kwenye mikunjo ya bati huwa haitoki kwa kuoshwa juu juu. Kisha tunalichukua gari hilohilo na kulileta kisiwani, ambako upepo unatoka baharini mchana na usiku, na hewa yenyewe ni nzito kwa unyevu. Kutu iliyoanza kule haifi kwa sababu ya joto la huku. Inapata chakula kipya.

MX-5 ya kizazi hiki ina mahali pawili panapooza kabla ya pengine. Pa kwanza ni boriti za chini ya milango, hasa kule nyuma zinapokutana na tao la gurudumu. Pa pili ni fremu mbili za mbele zinazobeba injini, ambazo katika kizazi cha pili zilitiwa bati juu ya bati, na maji yakishaingia katikati hayana njia ya kukauka. Kumbukeni kwamba gari hili halina paa la chuma la kusaidia kushikilia mwili wake, hivyo boriti zile za chini ndizo mgongo. Zikiliwa, gari linaweza kuonekana zuri kwa rangi na bado likawa halifai kumpandisha mtoto wa mtu.

Yangu ilikuwa imeliwa. Kule kila gari lililozidi miaka mitatu hufanyiwa ukaguzi wa usalama, unaoitwa MOT, mara moja kwa mwaka, na kumbukumbu zote zinasomwa bure mtandaoni ukiwa na namba ya gari. Mimi nilifungua, nikaona limefaulu, nikafunga. Sikusoma maonyo yaliyoandikwa chini ya matokeo, na mle mkaguzi wa mwaka 2021 alikuwa ameeleza wazi kwamba kuna kutu upande wa nyuma kushoto. Mwaka uliofuata onyo lile halikuwepo tena, nami ningelisoma ningejiuliza limekwenda wapi. Lilikuwa limekwenda chini ya lami nyeusi. Muuzaji aliniambia kwa fahari kwamba uvungu wote umepakwa dawa ya kuzuia kutu, na mimi nikashukuru. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu mtu aliyepaka lami juu ya bati bovu alijua anachokificha, na aliyekaa juu ya bati hilo katika barabara kuu ya mwendo wa maili 70 kwa saa nilikuwa mimi.

Aliyegundua ni fundi wa bodi maeneo ya Amani, wiki ya tano baada ya gari kufika. Alitandika katoni, akalala chali, akaanza kugonga boriti kwa mpini wa bisibisi, kutoka mbele kwenda nyuma. Ko, ko, ko. Kisha, alipofika karibu na gurudumu la nyuma la kushoto, sauti ikawa nzito na butu. Akageuza bisibisi, akasukuma kidogo kwa ncha, ikazama mpaka kwenye mpini. "Dada," akaniambia kwa upole kama anayetoa habari ya msiba, "hapa imebaki lami, bati limeshakwisha." Alipokwangua, tundu lilienea kiganja changu, na ndani yake mlikuwa na majani makavu ya miti ya Uingereza na tope lililoganda. Alikata hadi akafika kwenye chuma kizima, akachomelea bati jipya, akapaka rangi ya kuzuia kutu na kumimina nta nyepesi kwa ndani kupitia matundu yaliyopo, na kazi ilichukua siku nne. Fremu za mbele, alhamdulillahi, zilikuwa nzima.

Majani yale yaliingiaje? Hili ndilo nataka kila anayelitamani gari hili alielewe. Paa la turubai haliyazuii maji yote. Linayapeleka nyuma, kwenye mfereji mdogo unaoishia kwenye matundu mawili, moja kila upande, karibu na mahali mkanda wa kiti unapotokea. Kutoka hapo maji hushuka ndani ya mpira na kumwagika chini ya gari, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Gari likiegeshwa chini ya mti, majani na vumbi huziba tundu, maji ya mvua hujaa, hufurika, na kuingia ndani ya boriti ya chini ya mlango. Mwenye gari haoni kitu. Zulia huweza kuwa kavu kabisa huku boriti ikiwa imejaa maji kama mtungi. Mvua za vuli zilipoanza, tena kabla sijapeleka gari kwa fundi, nilikuwa nikisikia chakacha ya maji upande wa kushoto kila nikifunga breki, na nilidhani ni tangi la petroli.

Siku hizi kila mwisho wa mwezi nakunja paa, natia kidole tunduni na kutoa nilichokikuta, kisha napitisha waya laini wa plastiki, ule wa kufumia vikapu, taratibu bila kulazimisha, maana ukilazimisha unaung'oa mpira ndani na tatizo linakuwa kubwa zaidi. Nyumbani tuna mwarobaini mkubwa uani. Gari halilali tena chini yake, ingawa kivuli ni kizuri. Na kila nikitoka pwani nauosha uvungu kwa maji matamu ya bomba siku hiyohiyo, kwa mpira, kabla ya kuosha juu.

Kuhusu barabara, hofu ya wengi ni mashimo, lakini barabara kuu nyingi za Unguja zinapitika na gari hili bila shida. Kinachosumbua ni matuta. Uvungu wa gari uko kama sentimita 13 tu kutoka ardhini, na yapo matuta ya mitaani yaliyojengwa na wananchi wenyewe ambayo hayana kipimo. Yale ya Jozani, yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe, yanapitika kwa mwendo wa pole, na mwendo wa pole pale ni wajibu kwa gari lolote. Kwa tuta refu nakwenda mshazari, gurudumu moja likipanda baada ya jingine. Nimebadilisha matairi pia: yaliyokuja nayo yalikuwa 195/50 ya inchi 15, nikafunga 195/55 ya rimu ileile, na ubavu wa tairi ukaongezeka kwa milimita 10 hivi. Ni kidogo, lakini tangu siku ile egzosi haijagusa tuta lililoko mbele ya msikiti wa mtaani kwetu. Jueni tu kwamba ukifanya hivyo mshale wa mwendo utasoma pungufu kidogo kuliko ulivyokuwa ukisoma kwa matairi ya mwanzo, na mshale wenyewe unahesabu kwa maili, kwa hiyo nimejizoesha kwamba 30 ya Uingereza ni karibu 50 ya kwetu.

Spea hazikunisumbua kama nilivyoogopa. Fundi wa injini aliposikia jina MX-5 alisita, lakini alipofungua boneti uso ulimkunjuka, kwa sababu injini hii ni ya ukoo mmoja na zile zilizokuwemo ndani ya Mazda Familia, ila hapa imelazwa kwa urefu badala ya upana. Mkanda wa taiming ulikuwa umepitiliza maili zake 60,000, akaubadilisha pamoja na pampu ya maji. Kwa vitu vya bodi na paa, agizeni kwa jina la Roadster, maana ndilo jina la gari hili Japani, na magari na spea zetu nyingi hutoka huko. Betri imo ndani ya buti, na lazima iwe ya kufungwa kabisa au yenye mpira wa kutoa hewa nje. Msikubali kufungiwa betri yoyote ya kawaida kwa sababu tu imeenea.

Kodi sitaitaja kwa tarakimu, kwani kila gari lina hesabu yake kwa umri na injini. Lakini forodha hukadiria thamani kwa utaratibu wao, na si lazima ifuate bei uliyolipa, kwa hiyo mpate hesabu ya wakala kwa maandishi kabla kontena halijafungwa.

Limebaki jambo la viti viwili, na nalisema kwa heshima kwa wenye familia. Hapa kwetu gari la mtu mmoja ni gari la ukoo. Wiki ya pili tu alifariki jirani yetu wa Fuoni, na mama yangu alisimama mlangoni na shangazi wawili, wote wamevaa tayari, wakaniangalia. Nilimpeleka mama, nikarudi nikamchukua shangazi mmoja, nikarudi tena kwa wa pili, na nilipofika maiti imeshaondoka. Mama hakusema neno, lakini mimi sikulala vizuri usiku ule. Baada ya hapo nimekubaliana na kaka yangu kuchangia petroli na matengenezo ya Noah yake, na funguo moja ya gari hilo inakaa kwetu. Asiye na gari la pili nyumbani, au ndugu wa karibu mwenye gari kubwa, ningemshauri asilete hili.

Na anayetaka kulileta, akienda kulitazama achukue chupa ya maji ya lita moja. Akunje paa, amimine taratibu kwenye tundu la kila upande, kisha apige magoti atazame chini mbele ya gurudumu la nyuma. Maji yakitoka mara moja na yakawa safi, aendelee kugonga boriti kwa mpini wa bisibisi. Yakichelewa, au yakitoka na rangi ya chai, amrudishie muuzaji ufunguo wake.