Naomba ushauri: besi inavuma kwenye hezi 43, chumba ni cha mraba

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu kuhusu stereo yangu ya sebuleni.

Chumba ni mita 4 kwa 4, kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae. Nimepima kwa maikrofoni ya UMIK-1 na REW, programu ya kupimia sauti: kuna mlima, yaani sauti iliyozidi zilizo jirani, wa desibeli 12 hivi kwenye hezi 43 (mitetemo 43 kwa sekunde), na besi inachelewa kunyamaza. Gitaa la besi kwenye dansi la zamani halisikiki vizuri kabisa, na huo ndio muziki ninaoupenda kuliko wote.

Nadhani tatizo ni umbo la mraba, maana urefu na upana vinaamsha mvumo uleule. Zulia na mapazia mazito yametuliza mwangwi wa sauti za juu tu. Kochi likigusa ukuta wa nyuma, besi inafurika. Nikilivuta hadi katikati ya chumba, inatoweka.

Nikijaza pembe za chumba kwa rokiwuli, ile pamba ya mawe, unene gani utagusa hezi 43? Au nianze kuukata mlima wa hezi 43 kwa ikwalaiza (kirekebishi cha kupunguza au kuongeza sauti za masafa fulani), na kochi likae umbali gani kutoka ukutani?