Mwanakandarasi ataka kumpa MCA wetu mabati ya kanisa: nimwambieje kabla lori halijafika?

Msaidizi_Kakamega
Mulembe wanajukwaa. Nafanya kazi katika ofisi ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, wadi moja ya hapa Kaunti ya Kakamega. Mheshimiwa yuko muhula wake wa kwanza, na nawaambia kwa moyo mweupe, ni mtu mwema. Jumamosi ijayo tuna harambee ya kanisa lililoezuliwa na upepo. Jana mwanakandarasi anayejenga zahanati kwenye wadi yetu alipiga simu: ataleta mabati 100, geji 30, yatangazwe kuwa mchango wa mheshimiwa. Shida ni kwamba mheshimiwa ni mwanachama wa kamati ya afya, na mwezi ujao kamati hiyo itakagua zahanati hiyohiyo.

Nilipogusia akaniuliza, "Kwani nayapeleka kwangu? Si ni ya kanisa?" Nikakosa la kusema. Sitaki aje aitwe mwizi, wala sitaki adhani mimi ndiye ninayemwita hivyo. Mngefanyaje?

Wa_Kibuye
Ndugu, pokeeni. Waumini wananyeshewa. Hata huku Kisumu, MCA anayefika harambee mikono mitupu, uchaguzi wa 2027 watu watamkumbusha.

MamaLurambi
Wa Kibuye, sisi wenyewe tunasali chini ya turubai, kwa hiyo shida ya paa naijua. Lakini siku ya ukaguzi mheshimiwa akikuta ukuta wa zahanati una ufa, atafungua mdomo? Hapo ndipo wanawake wetu wajawazito na watoto watakapotibiwa.

Karani_Mstaafu
Mwanangu, umefanya vyema kuuliza leo na si Jumapili. Nilikuwa ofisi ya karani wa bunge la kaunti tangu mabunge haya yaanze 2013. Waheshimiwa wengi waliobisha mlango wangu walikuwa tayari na barua ya kuitwa mkononi, na wakati huo ningewasaidia nini? Waliokuja mapema walikuwa wachache. Tuliketi nusu saa, wakaenda zao.

Hilo la "ni ya kanisa" haliondoi shida. Kifungu cha 75 cha Katiba kinamtaka afisa wa dola, na MCA ni mmoja wao, aepuke mgongano kati ya maslahi yake na kazi ya umma, awe hadharani au faraghani. Jina linalotangazwa kwenye kipaza sauti ni lake, na sifa ni zake. Na kifungu cha 76 kinasema zawadi anayopewa kwenye hafla ya umma au ya kikazi ni ya Jamhuri.

Lakini usianze na vifungu. Mtu mwema ukimsomea sheria anasikia lawama. Mwambie, "Mheshimiwa, tuulize kwanza." Andikeni barua kwa karani wa bunge na kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, wana ofisi Kisumu. Sheria ya mgongano wa maslahi iliyotiwa saini Julai 2025 imewapa wao usimamizi wake. Na kamati ikikaa, atamke uhusiano wake na mwanakandarasi mbele ya wenzake, uandikwe kwenye kumbukumbu.

Wa_Kibuye
Mzee nimekusoma. Na jibu likichelewa?

Karani_Mstaafu
Lori lisubiri. Mabati hayaozi.

Binti_wa_Vihiga
Shikamoo mzee. Mimi niko Kanada. Huku tangu 2007 kuna kamishna wa maadili ambaye wabunge wa Bunge la Taifa humwomba ushauri kwa siri. Baada ya uchaguzi wana siku 60 za kumpelekea taarifa ya mali na madeni yao, kwa hiyo mazungumzo naye yanaanza mapema, kabla hajatokea wa kuwashtaki. Kilichonigusa ni hiki: ushauri wake wa maandishi unamfunga kamishna mwenyewe, baadaye hawezi kukugeuka, mradi ulimweleza kila jambo ulilolijua. Ukificha moja, kinga hiyo huna. Natamani MCA wetu nao wangekuwa na mlango kama huo, karibu na wasiouogopa.

Msaidizi_Kakamega
Nimerudi. Jana jioni nilienda kwake, sikubeba Katiba. Nilimuuliza swali la MamaLurambi tu, lile la ufa. Alinyamaza muda mrefu, mama watoto akaleta chai, ikapoa. Kisha akasema, "Lete karatasi." Amempigia mwanakandarasi, lori haliji Jumamosi. Mchungaji hakufurahi, nami namwelewa. Mheshimiwa atachanga kutoka mfukoni mwake, mabati 10.

Barua iko tayari isipokuwa jambo moja. Mwezi uliopita mwanakandarasi huyo alitulipia mafuta ya gari tulipoenda mazishi. Mheshimiwa anaona ni kidogo mno kuandikwa. Tulitaje?

Karani_Mstaafu
Litaje. Kiasi, tarehe, na aliyepokea.